Gundi Unayoingoja

Kajiado,
13 Machi 2005.

Kwa dada yangu mpendwa Nakhumicha,

Salamu zangu zikufikie ukiwa umeketi. Nakujua wewe, barua unazisoma umesimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mwingine nje, huku unafukuza kuku. Hii tafadhali itafutie kiti. Hujambo, dada? Shemeji Wakhungu anaendeleaje na ule mgongo wake? Na wale watoto wako wa darasa la kwanza, wamejua kushika penseli au bado wanazitafuna? Nadhani mvua huko Kimilili imeanza na sasa mnapanda. Huku kwetu ni upepo na vumbi tu, na bila punda wa maji tungekuwa tumekauka kama ngozi iliyoanikwa. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Uzima wangu una maelezo yake, ndiyo maana bahasha imekuwa nene.

Utakuwa umeona hapo juu nimeandika Kajiado, si Kitengela. Sijahama, na Koinet hajanifukuza, kwa hivyo usianze kunifungulia chumba cha wageni. Yeye yuko Namanga kama kawaida, anakimbizana na makaratasi ya forodha ya malori ya watu, na mwisho wa wiki anakuja kuniona. Aliniambia nikupigie simu, kwa kuwa Shemeji amenunua ile simu yake ya mkononi. Nikamwambia kuna maneno ambayo hayapitishwi kwenye simu ya mume wa mtu, halafu kadi iishe katikati ya neno. Kwa nini niko Kajiado, nitakuambia. Niache nifike kwa njia yangu, maana nikianzia mwisho kalamu itanikataa.

Barua yako ya Januari niliipata. Niliisoma mara nyingi. Ulinieleza habari za mahindi, za mwalimu mkuu mpya anayependa mikutano, na mwishoni ukaandika ule mstari unaoandika kila mara tangu nilipoanza kazi hii: "Bado nangoja gundi yako." Siku zote huwa nacheka nikifika hapo, nasikia sauti yako ikiniita Profesa wa Gundi mbele ya wageni. Safari hii sikucheka. Kwenye mstari wa juu yake ulikuwa umeandika, kama mtu anayetaja bei ya sukari, kwamba mama mkwe wako ameanza kumtajia Shemeji msichana fulani wa Malakisi, na kwamba wewe umemwambia Wakhungu hutashika mimba nyingine mpaka gundi itoke, kwa sababu hutaki kuzika tena. Umri wako naujua, dada. Wewe ndiwe uliyenibeba mgongoni.

Nakumbuka ile ya kwanza kuliko zote, kwa sababu nilikuwepo. Ni mwaka wa 1993, nilikuwa kidato cha nne na nimekuja kwako likizo ya Aprili. Tulikuwa tunapalilia, mahindi yamefika magotini, unaniambia kwamba mwanamume akikuletea maua badala ya unga umkimbie. Ukajinyoosha. Ukatazama chini, ukasema jerikani imemwagika. Jerikani ilikuwa kule mwisho wa shamba, imesimama na kifuniko chake. Nilikuuliza kama unaumwa, ukasema husikii uchungu wowote, ukacheka hata. Kisha ukaacha kucheka. Mimba ilikuwa ya miezi mitano. Baadaye wa pili akaenda vivyo hivyo, na wa tatu, yule aliyelia mara moja tukadhani atabaki. Kila mara ulifika zahanati mambo yameshamalizika, na wale wauguzi wakapokea kilichokuwa mbele yao. Sitaki kukuumiza kwa kuyarudia. Nayarudia kwa sababu ile jerikani nitaihitaji huko mbele.

Basi unajua jinsi nilivyoingia kwenye kazi hii. Nilisoma kemia nikidhani nitaishia kwenye kiwanda cha sabuni, nikapata kazi ya maabara kwa Profesa Githongo. Siku ya kwanza alinieleza habari za kome. Nawe nilikueleza, lakini najua uliruka mistari, kwa hivyo nakueleza tena. Kome ni kiumbe wa baharini aliyejifungia ndani ya magamba mawili meusi yanayofunguka kama kitabu. Hana mikono, hana kucha, na anaishi mwambani mahali mawimbi yanapopiga kutwa kucha. Lakini habanduki. Anatoa utomvu wake na kuutandaza juu ya jiwe lililolowa, nao unashika palepale ndani ya maji. Gundi zote tunazozijua sisi zinaogopa maji. Fundi wa baiskeli akitaka kubandika kiraka lazima kwanza aukaushe mpira na kuusugua. Ndani ya tumbo la mama nani ataingia kukausha?

Wataalamu wa ng'ambo waliuchunguza utomvu huo, wakatengeneza wa kwao wa kuiga, bila kumwonea kome yeyote. Gundi hiyo ina sifa nyingine nzuri, kwamba mwili unaimeng'enya polepole. Ikishamaliza kazi yake inayeyuka na kuisha yenyewe, hakuna haja ya kurudi na kisu kuitoa. Profesa alitaka kuijaribu kwenye ule utando wa mfuko wa maji unaomzunguka mtoto tumboni, kwa sababu ngozi ikikatwa hupona, lakini utando ule ukitoboka hauna desturi ya kupona wenyewe. Alipofika hapo nikaacha kumsikiliza. Nilikuona wewe katikati ya mahindi. Jioni ileile nikakuandikia kwamba miaka miwili, ikizidi sana mitatu, gundi itakuwa tayari na wewe ndiwe wa kwanza.

Sasa acha nikuchekeshe kidogo, maana kisa hiki sijawahi kukusimulia chote, niliona aibu. Ili tuijaribu gundi tulihitaji utando mbichi, na tulianza na wa kondoo. Mama yake Koinet, Yeyo Resian, ana kondoo wengi kule kwao, mbele ya Isinya, na mvua zikinyesha wanazaa kwa wingi. Nikaenda kwake na kikasha changu cha barafu. Nilikuwa nimeolewa mwaka wa pili, bado namwogopa. Nikainamisha kichwa anishike utosini, akanisalimu kwa Kimaasai, takwenya, nikaitikia iko, tukanywa chai, halafu nikamwomba aniwekee makondo ya nyuma ya kondoo kila wakizaa. Hakuniuliza ya nini. Alinitazama muda mrefu, akasema sawa, mwanangu.

Aliniwekea kweli. Kila Jumamosi nilikuta kopo la siagi limefunikwa vizuri, limewekwa kivulini, naye ameketi karibu, fimbo mkononi, kuwazuia mbwa. Nikaona nimepata mama mkwe wa ajabu. Baada ya wiki chache akaanza kunipa maziwa ya kibuyu chake mwenyewe, kisha supu ya mafuta iliyochemshwa na mizizi, chungu mpaka masikio yanazibuka. Nikanywa, mgeni hachagui. Jumapili moja akanipeleka kanisani kwao, na ibada ilipoisha akina mama wakanizunguka, wakaniwekea mikono tumboni, wakaomba kwa Kimaasai mpaka jasho likawatoka. Mimi nikadhani ndiyo desturi yao ya kumkaribisha mke wa kijana wao. Nikafumba macho, nikasema amina kwa sauti.

Koinet ndiye aliyenifumbua macho, na alicheka kwanza mpaka nikataka kumrushia sufuria. Mama yake alikuwa anaamini kwamba nayapeleka yale makondo Kitengela, nayachemsha na kuyanywa, ni dawa ya Waluhya ya kutafuta mtoto. Hakupendezwa nayo hata kidogo. Lakini hakutaka kuniaibisha, kwa hivyo aliamua kunipa ninachoomba huku akimharakisha Mungu afike kabla ya dawa. Dada, nilicheka, halafu nikalia. Mwanamke yule alikuwa analinda kopo langu dhidi ya mbwa akiamini nafanya uchawi, na bado alinilindia.

Wiki iliyofuata nilimpelekea chupa ya kioo, sindano na tone la gundi. Nikaijaza chupa maji, nikafunga utando mdomoni mwake, nikaipindua na kuutoboa. Maji yakaanza kudondoka. Nikaweka tone palepale panapovuja, nikamwambia angoje. Gundi ile ikianza kukaza hugeuka rangi, inakuwa kama chai ya rangi iliyokolea, na vidole vyangu vilikuwa vya kahawia tangu mwezi wa kwanza wa kazi mpaka watu wakadhani nanusa ugoro. Maji yakakatika. Yeyo Resian akaichukua chupa, akaitikisa, akaigeuza, akachungulia chini yake. Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya shuka. Kisha akaniuliza kwa utulivu kabisa, kama dawa hiyo si ya kwangu, ni ya nani. Nikamwambia ni ya dada yangu. Tangu siku hiyo anakutaja kila Jumapili. Jina lako analitamka kwa namna yake, lakini Mungu nadhani ameshazoea.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda. Mwanzoni gundi iliteleza, kisha ikashika kidogo, kisha mwaka wa 2003 ikashika vizuri mpaka siku ile nilipiga kelele maabara na askari wa getini akaja mbio na rungu. Hiyo nilikuandikia, najua unaikumbuka. Ambayo sikukuandikia ni ya Oktoba iliyopita.

Oktoba tulikuwa tumefika kwenye kondoo walio hai, wenye mimba, katika shamba la utafiti nje ya Isinya. Daktari wa mifugo aliwachoma ganzi na kuwafungua, tukautoboa utando kwa tundu dogo kama la sindano, tukaliziba kwa gundi yetu, akawashona. Wengi waliendelea vizuri. Lakini kulikuwa na mmoja mwenye doa jeusi kwenye jicho, mpole, ambaye nilikuwa nimemzoea mno kuliko inavyofaa kazini. Huyo alitupa mimba, mapema sana. Nilichukua utando wake nikauosha mwenyewe, maana nilitaka kuona tulikosea wapi. Nikakitafuta kiraka chetu. Kilikuwa pale pale, kimekaza kama ukucha. Nikaujaribu kwenye chupa, haukuvuja tone pale tulipoziba. Ulikuwa umepasuka upande wa pili kabisa, chini, unapokaa kwenye mlango wa kizazi. Gundi ilikuwa imefanya kazi yake yote na mwanakondoo alikuwa amekufa.

Profesa alisema sababu zaweza kuwa nyingi, pengine upasuaji wenyewe, pengine homa, na ndiyo maana watu hufanya utafiti. Ndipo kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza kabla sijakuandikia barua ile ya kwanza: itawafikia lini wanawake? Alivua miwani. Alisema akiwa na bahati, miaka kumi. Pengine kumi na mitano. Pengine itaishia kuziba majeraha mengine na hiyo ya tumboni isifike kabisa. Hakusema kwa ubaya, alishangaa tu kwamba nilikuwa nadhani vingine. Nilitoka nje nikaketi kwenye ukingo wa birika la mifugo, nikalia mbele ya ng'ombe. Ile miaka mitatu, dada, hakuna aliyeniambia. Niliitoa kichwani mwangu kwa furaha, nikakupa wewe ukaishikilia.

Nililia pia kwa sababu nyingine, ambayo Profesa hakuijua. Sasa naomba uendelee kuketi.

Nina mimba, dada. Ni mwezi wa saba.

Sikuja nyumbani Krismasi, na niliwaandikia kwamba kazi imenibana. Kazi haikunibana. Siku ya Krismasi, wakati mnachinja na kuulizana Beverlyne amepatwa na nini hata asije, mimi nilikuwa nimelala chali kwenye chumba cha kupanga nyuma ya hospitali, hapa Kajiado, mto chini ya miguu, nimekatazwa hata kuchota maji. Na hapa ndipo ninapokuandikia.

Ilikuwa hivi. Sikukuu ya Jamhuri nilikwenda kwa Yeyo Resian nikiwa na mimba ya miezi minne. Sikuwa naumwa. Nilihisi tu uzito chini, kama nimeketi juu ya kitu, na unyevu kidogo ambao sikuupenda. Nilipomweleza hakuniuliza mara mbili, alivaa viatu. Tulipanda basi la barabara ya Namanga mpaka hapa, na daktari aliyenipokea ni mama mmoja mnene, mpole wa mikono na mkali wa maneno, Daktari Margaret Wathome. Alinipima, akanipima tena. Akaniambia mfuko wa maji ni mzima, mtoto ni mzima, lakini mlango wa kizazi umeanza kufunguka kabla ya wakati, kimyakimya, bila uchungu. Akasema wako wanawake ambao mlango wao hauna nguvu ya kubeba uzito. Mtoto akifika miezi mitano unaachia tu, na maji yakimwagika watu wote wanadhani ugonjwa ulikuwa kwenye maji.

Akaniuliza kama kwetu kuna aliyewahi kupoteza mimba namna hiyo. Nikaanza kumsimulia habari zako. Nilipofika katikati alinikatiza kwa swali moja tu: huyo dada yako, kabla maji hayajamwagika, alisikia uchungu?

Nikaiona jerikani, dada. Nikaiona imesimama mwisho wa shamba na kifuniko chake. Nikamwambia hapana, hakusikia, alikuwa anacheka. Nilikuwa nimelibeba jibu hilo tangu nikiwa na sare ya shule. Kuuliza si ujinga, na mimi niliyesomea kuuliza sikuwahi kukuuliza hata mara moja. Vitabu vyote vya utando nilivisoma mpaka macho yakauma. Kurasa za mlango nilizifunua haraka haraka, kwa sababu hazikuhusu gundi.

Nilipokuwa nangoja kupelekwa chumba cha upasuaji niliifikiria ile chupa yetu kwenye friji ya maabara, nikufiche nini. Mtu akiogopa anakumbuka alichonacho. Lakini ningeziba nini? Mfuko wangu haukuwa na tundu. Nilikuwa kama yule kondoo wa doa jeusi.

Daktari alinifunga kwa uzi. Uzi, dada. Nilimwomba anionyeshe mwingine wa aina ile kabla hajaanza: ni mweupe, mpana kidogo kama kamba ya kiatu cha mtoto. Wanauzungusha kwenye mlango wa kizazi na kuukaza, kama unavyofunga mdomo wa gunia la mahindi, na mwezi wa tisa wanaukata mtoto apite. Hakuna kome, hakuna chupa ya ng'ambo. Aliniambia madaktari wamekuwa wakiutumia tangu kabla wewe na mimi hatujazaliwa. Nilianza kucheka pale kitandani, na muuguzi akadhani ni ganzi.

Mwezi wa tano ulipofika nililia siku nzima. Ulipopita nililia zaidi, na hicho kilio cha pili ndicho kilichonizuia kukuandikia. Niliona aibu kupita salama mahali ulipoangukia wewe mara tatu, na kupita kwa kitu kidogo hivyo. Kila nikishika kalamu niliiona barua utakayonijibu, ya kunipongeza, kwa ule mwandiko wako wa ubaoni, bila doa, na nilijua utakuwa umeiandika ukiwa umefunga mlango. Niliogopa barua hiyo kuliko nilivyoogopa kisu. Basi nikajificha. Nisamehe kwa kujificha. Kuwa na mimba sikuombi msamaha, wala hungependa niombe.

Sasa nisikilize vizuri, maana safari hii sitoi kitu kichwani mwangu, nakupa maneno ya daktari kama yalivyo. Anasema hawezi kuapa. Hajakuona, na mimba huharibika kwa sababu nyingi, na hata uzi wenyewe kuna wakati unashindwa. Lakini anasema mimba tatu, zote miezi ileile, zote bila uchungu, ni habari ambayo daktari yeyote angetaka kuisikia kutoka kinywani mwako. Anataka akupime kabla hujashika mimba. Akiona ni mlango, basi ukishika anakufunga mapema, mwezi wa tatu, usingoje dalili. Nilimuuliza kuhusu umri wako. Alinitazama juu ya miwani akaniuliza kama wewe ni bibi kizee. Nikasema la. Akasema basi aje, asichelewe.

Gundi sijaiacha. Nikijifungua na kupona nitarudi kwenye chupa zangu, na siku moja itamfaa mwanamke ambaye mfuko wake umetoboka kweli, pengine mmoja wa hao wanaotafuna penseli darasani kwako. Wewe usiingoje. Nilikufungia kwenye kitu ambacho hakipo, na ninakufungua leo.

Kutoka Kimilili utapanda basi la Nairobi, kisha mabasi ya Namanga, ushuke Kajiado mjini. Ukifika hospitali uliza Mama Koinet, kila mtu anamjua kwa sababu amegombana na wauza maziwa wote wa mji huu, anasema wanawauzia watu maji yaliyopita karibu na ng'ombe. Amewaachia watu wa nyumbani kondoo wake, amekuja kulala kwenye godoro sakafuni kando ya kitanda changu, yeye ambaye hajawahi kulala mjini. Anadai amina yangu ya kanisani ndiyo iliyoleta haya yote. Jana aliniuliza nani atamwogesha mtoto siku ya kwanza, maana kwa haki ni yeye. Kabla sijajibu akasema ameamua kumwachia yule dada wa gundi.

Sijui moyo wako utasemaje ukiliona tumbo langu. Ukikasirika, usikasirikie huko peke yako na kuku. Njoo ukasirikie hapa, nitakusikiliza nikiwa nimelala, sina pa kukimbilia.

Nisalimie Shemeji sana, mwambie mgongo wake apumzishe na masikio pia, na yule msichana wa Malakisi amwache amalize shule. Nisalimie majirani wote waliokuwa wakinipa miwa. Koinet anakusalimu, na Yeyo Resian anasema Mungu akulinde njiani, amekwisha kusema njiani kana kwamba umeshapanda basi.

Umeningoja tangu nilipokuandikia ile barua ya kwanza, na hukulalamika. Sasa ni zamu yangu. Nakungoja wewe.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Beverlyne.